LESENI ZA BAA: POLISI WASHAURI, WAWAKILISHI WA WANANCHI WAAMUE

Watu wengi hudhani kwamba leseni ya baa ni jambo dogo, la kumhusu mwenye baa na karani wa halmashauri peke yao. Dhana hiyo si sahihi. Ndani ya karatasi ile ndogo inayobandikwa ukutani nyuma ya kaunta yamo maswali makubwa ya utawala. Nani ana haki ya kukusanyika na kufurahi baada ya kazi? Nani ana haki ya kulala usingizi bila kusumbuliwa? Na pale haki hizo mbili zinapogongana, nani anayekata shauri: ni mwenye bunduki na pingu, au ni mtu aliyechaguliwa kwa kura?

Nchi moja ambayo imelihangaikia swali hili kwa karne nyingi ni Uingereza. Yafaa mambo ya huko yaelezwe kwa kirefu. Kusudi si kuwaiga Waingereza. Ni kwamba mwenye busara hujifunza kutokana na makosa ya jirani kabla hajayatenda yeye.

MADARAKA YALIVYOHAMA

Waingereza walianza kudai leseni kwa nyumba za pombe mwaka 1552, wakati wa Mfalme Edward wa Sita. Sheria ya mwaka huo iliwapa mahakimu wa amani madaraka ya kuruhusu au kukataza mtu kuuza pombe. Mahakimu hao hawakuchaguliwa na mtu. Kwa sehemu kubwa walikuwa mabwana wenye mashamba na mali, na waliotazamwa kwa jicho la shaka ni wakulima na vibarua waliokusanyika kilabuni jioni. Tangu mwanzo, basi, leseni ya pombe ilikuwa pia kamba ya kuwafungia watu wa chini.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, serikali yao ilipunguza saa za kunywa pombe ili wafanyakazi wa viwanda vya silaha wasifike kazini wakiwa wamelewa. Vita ilikwisha mwaka 1918, lakini amri ya kufunga baa wakati wa mchana iliendelea kuishi hadi mwaka 1988. Amri iliyotolewa kwa dharura ya vita iligeuka desturi, na desturi hiyo ikadumu miaka 70. Hilo peke yake ni fundisho: amri ya vyombo vya dola hutungwa kwa siku moja, lakini kuifuta huchukua umri wa mtu mzima.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika tarehe 24 Novemba, 2005, katika Uingereza yenyewe na Wales. Sheria hiyo iliyaondoa madaraka ya leseni mikononi mwa mahakimu na kuyakabidhi kwa halmashauri za mitaa, yaani kwa madiwani waliopigiwa kura. Kila halmashauri huunda kamati ya leseni yenye wajumbe kati ya 10 na 15, na mashauri mengi husikilizwa na kamati ndogo ya madiwani watatu.

Sheria iliweka makusudio manne tu ambayo kamati hizo hapana budi ziyalinde: kuzuia uhalifu na fujo, usalama wa umma, kuzuia kero kwa umma, na kuwakinga watoto wasidhurike. Diwani hawezi kumnyima mtu leseni kwa sababu hapendi pombe, au kwa sababu muziki unaopigwa humo haumfurahishi. Na kama hakuna mtu wala idara yoyote iliyoleta pingamizi katika muda wa siku 28, halmashauri haina hiari: hutoa leseni. Kukiwa na pingamizi, pande zote huitwa, husikilizwa, na uamuzi hutolewa pamoja na sababu zake. Asiyeridhika anaweza kukata rufani kwa mahakimu katika siku 21.

MWENYE BAA NA SHEREHE YAKE

Chukulieni mfano wa kawaida. Mwenye baa katika mtaa wa wafanyakazi anataka kuleta bendi Jumamosi na kuendelea hadi saa nane usiku, ilhali leseni yake inamtaka afunge saa tano. Sheria inamruhusu kupeleka taarifa ya shughuli ya muda. Hulipa ada ya pauni 21, na taarifa yake hufika halmashauri, polisi na idara ya afya ya mazingira. Watu watakaokuwapo kwa wakati mmoja lazima wawe chini ya 500, watumishi wakiwemo, na shughuli isizidi saa 168, yaani siku saba. Taarifa ya kawaida hupelekwa siku kumi za kazi kabla ya shughuli. Aliyechelewa huruhusiwa kupeleka kati ya siku tisa na siku tano za kazi.

Hapo ndipo neno la polisi linapopata uzito wake. Polisi na idara ya afya ya mazingira wana siku tatu za kazi za kuleta pingamizi. Hadi mwaka 2012 ni polisi peke yao walioweza kupinga, tena kwa sababu ya uhalifu tu. Tangu mwaka huo idara ya afya ya mazingira imeongezwa, na pingamizi laweza kutokana na lolote katika yale makusudio manne.

Kama taarifa ilipelekwa mapema, pingamizi la polisi halimalizi shauri. Madiwani watatu hukaa, humsikiliza ofisa wa polisi, humsikiliza mwenye baa, kisha huamua. Polisi watasema, kwa mfano, kwamba katika sherehe iliyopita watu walipigana uani na chupa zikavunjwa. Mwenye baa atajibu kwamba sasa ameajiri walinzi wawili, atatumia vikombe vya plastiki, na hatapokea wageni wapya baada ya saa sita. Madiwani hupima maneno ya pande zote mbili.

Lakini kama taarifa ilichelewa, mambo ni mengine kabisa. Pingamizi moja la polisi latosha kuiua sherehe. Hakuna kikao, hakuna utetezi, hakuna rufani. Mwenye baa aliyekwisha nunua vinywaji na kuilipa bendi kitangulizi hubaki ameshika tama. Watetezi wa utaratibu huo husema kwamba aliyechelewa amejitakia mwenyewe. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, kwani sheria bila muda ni vurugu. Hata hivyo ni dhahiri kwamba hapo neno la ofisa mmoja limegeuka hukumu.

HAKI YA POLISI KUSIKILIZWA

Isidhaniwe kwamba polisi wanapopinga huwa wanaonea tu. Hasha. Wao ndio wanaoitwa saa nane za usiku baa inapogeuka uwanja wa vita. Wao ndio wanaoiambia familia kwamba kijana wao hatarudi nyumbani. Muuguzi wa zamu ya usiku anayeshona majeraha ya chupa, mama mwenye mtoto mchanga anayeishi ghorofa ya juu ya baa, mzee ambaye kila asubuhi hukuta uchafu mlangoni pake, wote hao ni wananchi, na polisi huwasemea.

Kwa sababu hiyo mwongozo wa serikali ya Uingereza kwa halmashauri uliwataka madiwani wayape uzito maoni ya polisi yaliyo ya haki na ya kiasi. Lakini mwongozo huo huo ulisema pia kwamba idara inayoleta maoni ina wajibu wa kuhakikisha kuwa yataweza kusimama yakichunguzwa kikaoni. Maana yake ni wazi. Polisi huheshimiwa kwa ujuzi wao, bali heshima hiyo si ruhusa ya kuja mikono mitupu. Anayesema baa fulani ni hatari hana budi kuonyesha tarehe, tukio, na uhusiano wa tukio hilo na baa yenyewe.

Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya London ililisisitiza jambo hili katika shauri la kampuni ya Daniel Thwaites, yenye baa katika rasi ya Wirral, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Halmashauri ilikuwa imeiongezea baa hiyo saa za kufanya kazi. Baadhi ya wakazi wakakata rufani, na mahakimu wa hapo wakazipunguza saa hizo kwa hofu ya usumbufu utakaotokea. Lakini baa ilikwisha fanya kazi kwa saa hizo ndefu kwa miezi kadhaa, na usumbufu uliohofiwa haukuwa umeonekana. Mahakama Kuu iliutengua uamuzi wa mahakimu, kwa kuwa ulitegemea dhana badala ya ushahidi. Hofu, hata ikiwa ya kweli moyoni mwa mwenye kuhofu, si ushahidi.

Kwa upande mwingine, mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ililitazama shauri la baa moja ya mtaa wa Soho, jijini London. Wateja wake walikuwa wakisimama nje na bilauri zao na kuwasumbua majirani kwa kelele. Halmashauri ya Westminster ikaamuru kwamba baada ya saa kumi na mbili jioni mtu asitoke na kinywaji nje. Mwenye baa akapinga, na akashindwa. Majaji walieleza kwamba uamuzi wa leseni si hesabu ya kujumlisha na kutoa. Ni kupima faida na hasara za watu wa mahali, na kazi hiyo sheria imewapa wawakilishi wao. Kwa hiyo mahakama ya rufani yapasa kuzitazama kwa makini sababu za madiwani, na isiutengue uamuzi wao ila inaporidhika kwamba walikosea.

Mashauri hayo mawili yakiwekwa pamoja yanatoa kanuni moja. Madiwani wana madaraka ya kweli, lakini madaraka hayo husimama juu ya ushahidi.

FOMU NAMBA 696

Sasa litazamwe jambo lililowatia Waingereza aibu. Mwaka 2005, baada ya matukio ya watu kupigwa risasi katika kumbi za starehe, Polisi wa Jiji la London walianzisha fomu iliyojulikana kwa namba 696. Wenye baa na waandaaji wa muziki walitakiwa kuijaza na kuipeleka siku 14 kabla ya onyesho. Fomu ilidai majina ya wanamuziki, anwani zao na namba zao za simu. Katika baadhi ya baa kuijaza kulikuwa sharti la leseni yenyewe.

Kama fomu ingeishia hapo, pengine watu wangenung'unika tu. Lakini iliuliza pia ni muziki wa aina gani utakaopigwa, na ikatoa mifano: bashment, R&B, garage. Hiyo ni miziki inayopendwa hasa na vijana weusi. Tena katika sura yake ya kwanza iliuliza watakaohudhuria ni watu wa asili gani. Bendi ya vijana wa Kizungu yenye magitaa haikutajwa katika mifano. Mwenye baa aliyetaka usiku wa amani na polisi alielewa haraka ni muziki gani wa kuualika na upi wa kuuacha. Hakukuhitajika amri ya kuwakataza vijana weusi. Fomu ilitosha.

Malalamiko yalipozidi, swali la asili ya wahudhuriaji liliondolewa. Kelele hizo hazikuishia hapo: Kamati ya Bunge inayoshughulikia utamaduni ilipendekeza mwaka 2009 kwamba fomu nzima ifutwe. Haikufutwa. Wanamuziki wa grime, wengi wao wakiwa watoto na wajukuu wa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibea na Afrika, waliendelea kusema kwamba maonyesho yao yanavunjwa kabla hayajaanza. Mwaka 2017 Meya wa London, Sadiq Khan, alitaka fomu ichunguzwe upya, na mwezi Novemba mwaka huo polisi wenyewe wakaifuta. Ilikuwa imeishi miaka 12.

Wananchi wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sana maana ya jambo hili. Enzi za ukoloni, katika miji ya Tanganyika mwenyeji hakuweza kupiga ngoma yake bila kibali cha mtawala, na sheria za vileo zilitenganisha kinywaji cha Mzungu na kinywaji cha Mwafrika. Sababu iliyotolewa ilikuwa ile ile ya siku zote: amani na utulivu. Hakuna anayepinga amani na utulivu. Linalopingwa ni kuigeuza amani kuwa kisingizio, ili ngoma ya mtu mmoja ionekane burudani na ngoma ya mwingine ionekane uhalifu.

UKUMBI WA FABRIC

Lipo pia shauri la ukumbi wa dansi wa Fabric, katika wilaya ya Islington jijini London. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1999 na ulijulikana duniani. Mwaka 2016 vijana wawili, kila mmoja wa umri wa miaka 18, walikufa kwa dawa za kulevya baada ya kuwa humo. Polisi waliomba leseni itazamwe upya kwa haraka, na mwezi Septemba kamati ya madiwani ikaifuta.

Maelfu ya watu walitia saini kuupinga uamuzi huo. Upande mmoja walisema kwamba kuufunga ukumbi hakuzifungi dawa, bali huzipeleka vichochoroni ambako hakuna mlinzi wala mhudumu wa kwanza. Upande wa pili ulijibu kwamba wazazi wawili wamekwisha zika watoto wao, na halmashauri haiwezi kusubiri msiba wa tatu. Hoja zote mbili zilikuwa nzito, na hapakuwa na jibu lisilo na maumivu.

Mwezi Novemba 2016, kabla rufani haijasikilizwa, pande zote zilikubaliana. Ukumbi ungefunguliwa tena kwa masharti makali: ukaguzi wa vitambulisho mlangoni, kufungiwa maisha kwa atakayekamatwa na dawa, na umri wa kuingia kupandishwa hadi miaka 19 kwa usiku wa mwisho wa juma. Ulifunguliwa mwezi Januari 2017. Watu wenye akili wanaweza kuuliza: kama masharti hayo yalikuwa yanafaa Novemba, kwa nini hayakufaa Septemba? Jibu ni kwamba mara nyingi kufunga ni rahisi kuliko kusimamia. Kufuli hununuliwa dukani, lakini usimamizi hudai watu, muda na subira.

FUNDISHO KWA NCHI ZETU

Mambo ya Uingereza yana faida kwa Watanzania kwa sababu miji ya Tanzania inakua, na baa zinazidi kujengwa ukuta kwa ukuta na nyumba za kulala, shule na nyumba za ibada. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliweka mamlaka za kutoa leseni katika wilaya. Aidha, mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilizifungia baa na kumbi nyingi za starehe kwa kosa la kelele. Wakazi waliokosa usingizi walishukuru. Wahudumu na wapishi waliopoteza vibarua vyao walilia. Wote walikuwa na sababu.

Katika hali kama hiyo mambo matatu yapaswa kushikwa. La kwanza, anayepinga aeleze sababu zake hadharani, na anayepingwa apewe nafasi ya kujibu kabla ya kufuli kutiwa mlangoni. Ushauri unaonong'onwa ofisini si ushauri, ni fitina. La pili, masharti yatangulie kufunga. Baa iliyopunguza sauti ya vipaza sauti, ikaweka walinzi na kufunga kwa wakati ni faida kwa mtaa kuliko baa iliyofungwa leo na kufunguliwa kwa mlango wa nyuma kesho. La tatu, uamuzi utolewe na watu wanaoweza kuulizwa. Diwani akikosea, mwananchi humwadhibu kwa kura. Mkuu wa kituo hana kura ya kupoteza, na kwa hiyo haifai abebeshwe mzigo wa kuamua mtaa ufurahi vipi.

Kanuni hiyo haiwapunguzii polisi heshima hata chembe. Kinyume chake, inawalinda. Ofisa ambaye neno lake ndiyo hukumu huandamwa na wenye kutoa rushwa: leo mwenye baa anataka asipingwe, kesho mshindani wake anataka apingwe. Ofisa ambaye kazi yake ni kuleta ushahidi mbele ya kikao cha wazi hana cha kuuza. Anayemwonea wivu jirani yake hatapata mlango wa kupenya, na anayetaka kupita kwa bahasha atamkuta mlangoni si mtu mmoja bali umma.

Ndugu wananchi, wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Hawakusema penye rungu. Mtaa wenye kikao cha haki, ambamo mwenye baa, mama mwenye mtoto mchanga, kijana mwenye gitaa na ofisa wa polisi wote husikilizwa kwa zamu, utapata usingizi wake na utapata ngoma yake. Mtaa usio na kikao hicho utakosa vyote viwili, kwani ngoma iliyokatazwa bila sababu haifi. Hukimbilia gizani, na huko gizani hakuna leseni, hakuna mlinzi, wala hakuna anayejua ni nani aliyeumia mpaka kunapokucha.